Mapambo ya Krismasi "Yasiyopitwa na Wakati" Yana Umri Gani?

Ikishafika katikati ya Novemba, simu yangu hujaa video za aina moja. Sebule yenye mti mrefu wa kijani, taa za manjano zisizo kali, riboni nyekundu, blanketi zito limetupwa kwenye kiti kana kwamba hakuna aliyelipanga, na mkono wa mtu umeshika kikombe cha chokoleti ya moto. Maneno ya chini ni yale yale kila mwaka: mapambo yasiyopitwa na wakati. Ya kale. Ya kudumu. Halafu inafuata bei.

Mimi pia natengeneza video, na najua kwa nini hizo zinapendwa. Zinapendeza, bana. Lakini "yasiyopitwa na wakati" ni maneno ya historia, na mtu akitumia historia kuniuzia kitu, mimi huomba kuona cheti cha kuzaliwa.

Basi tukitafute hicho cheti.

Picha moja ya gazeti

Desemba 1848, gazeti la Illustrated London News lilichapisha mchoro wa Malkia Victoria wa Uingereza, mumewe Albert na watoto wao wakiwa wamezunguka mti katika kasri la Windsor. Mti wenyewe haukuwa wa kugusa dari. Ulisimamishwa juu ya meza, umejaa mishumaa midogo na vitamutamu, na malaika akiwa kileleni. Albert alikuwa Mjerumani, na huko kwao mti wa Krismasi ulikuwa umeshazoeleka.

Hata hao hawakuwa wa kwanza pale Windsor. Malkia Charlotte, ambaye pia alitoka Ujerumani, alikuwa amesimamisha mti kwa ajili ya karamu ya watoto Desemba 1800. Lakini mti wa Charlotte ulibaki mambo ya wakubwa. Mchoro wa 1848 ulifika kwa watu wa tabaka la kati, wenye sebule zao na watoto wao. Waliutazama wakasema: kwani sisi tunashindwa na nini?

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1850, jarida la Kimarekani liitwalo Godey's Lady's Book lilichukua mchoro huohuo likauhariri. Malkia akavuliwa taji. Albert akanyolewa masharubu. Familia ya kifalme ikageuzwa familia ya kawaida ya Kimarekani, na picha ikasambaa nchi nzima. Ukidhani kuhariri picha ili watu watamani sebule ya mwingine kulianza na simu zetu, pole. Victoria na Albert walikuwa washawishi wa mitandao kabla mitandao haijazaliwa.

Kuna ushahidi mwingine naupenda. Charles Dickens alichapisha A Christmas Carol mwaka wa 1843. Hicho ndicho kitabu ambacho watu wengi hukitaja wakitaka kueleza Krismasi ya zamani ilivyokuwa. Kisome mwanzo hadi mwisho. Utakuta matawi ya kijani yamejaa chumba, utakuta moto na chakula. Mti wa Krismasi hautauona. Kwa familia za Kiingereza za kawaida, fasheni ile ilikuwa bado haijafika.

Sasa linganisha na hapa kwetu. Mmishenari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka wa 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaanzisha misheni Rabai. Yaani siku mchoro ule unachapishwa London, misheni ya Rabai ilikuwa tayari na miaka miwili. Ukristo wa Kilifi ni mkubwa kwa umri kuliko ile picha tunayoambiwa ni ya tangu na tangu.

Kabla ya mti kulikuwa na tawi

Sisemi kwamba watu hawakupamba kabla ya 1848. Walipamba sana. Tofauti ni walipamba kwa nini.

Rudi nyuma mpaka Carthage, mji uliokuwa pale Tunisia ya leo, mwanzoni mwa karne ya 3. Tertullian, mwandishi Mkristo na Mwafrika, aliwalalamikia Wakristo wenzake kwa sababu milango yao ilikuwa na taa na matawi ya kijani siku za sikukuu za Kirumi, kuliko hata milango ya wapagani. Hiyo haikuwa Krismasi. Lakini tabia yenyewe unaitambua: sikukuu ikija, mtu anachukua jani na mwanga anaweka mlangoni. Na kiongozi wa dini analalamika. Hakuna kipya.

Uingereza watu waliwahi kupigania tawi. Mwaka wa 1647 Bunge, likiwa mikononi mwa Wapuriti, lilifuta sikukuu ya Krismasi likisema ni ushirikina usio na msingi katika Biblia. Desemba hiyo, katika mji wa Canterbury, meya alitaka maduka yafunguliwe tarehe 25 kama siku ya kawaida. Watu wakagoma. Wakaning'iniza matawi ya holi milangoni, ule mti wenye majani ya miiba na vitunda vyekundu, na ghasia zikazuka. Sikukuu haikurudi kihalali mpaka mfalme aliporudi mwaka wa 1660. Kwa hivyo usidharau tawi mlangoni. Kuna wakati lilikuwa ni maandamano.

Na mti je? Moja ya maelezo ya zamani zaidi ya mti uliopambwa ndani ya nyumba linatoka Strasbourg, mwaka wa 1605. Msafiri mmoja aliandika kwamba watu wa huko husimamisha misonobari sebuleni na kuning'iniza waridi za karatasi, matofaa, mikate myembamba, vipande vya kumetameta na sukari. Soma orodha hiyo tena polepole. Karatasi. Matunda. Chakula. Karibu kila kitu juu ya mti ule kingeweza kuliwa au kutengenezwa na mtoto mezani.

Kila cha kale kiliwahi kuwa kipya

Chukua vile vitu vinavyouzwa leo kama "mila," kimoja kimoja, uone vilikotoka.

Lile shada la duara lenye mishumaa minne ya majilio lilianza Hamburg mwaka wa 1839. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa analea watoto maskini katika makao yaliyoitwa Rauhes Haus. Watoto walimsumbua kila siku: Krismasi ni lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida na mikubwa ya Jumapili, wawe wanawasha mmoja kila siku. Ilikuwa kalenda ya watoto wasio na kitu, imetengenezwa kwa gurudumu.

Mipira ya kioo ilitoka Lauscha, kijiji cha wafua vioo huko Thuringia, Ujerumani. Kazi ilifanyika nyumbani. Baba anapuliza kioo, mama anakitia rangi ya fedha ndani, watoto wanafunga vifuniko. Miaka ya 1880 mfanyabiashara wa Marekani, F. W. Woolworth, akaanza kuiagiza kwa wingi, akatajirika. Mapambo yale yalipendeza sebule za wenye pesa, lakini yalipikwa kwenye jikoni za watu waliokuwa wakihesabu senti.

Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kwa biashara ilitoka London mwaka wa 1843. Henry Cole alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda mchache, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi. Zilizobaki ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja. Katikati kulikuwa na familia inakunywa pamoja. Pembeni, upande huu na huu, maskini wanapewa chakula na nguo.

Taa za umeme? Desemba 1882, New York. Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alifunga balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu kwenye mti nyumbani kwake. Na mti ukawa unazunguka! Lilikuwa tangazo la biashara ya umeme, wazi kabisa. Kabla ya hapo mti ulikuwa na mishumaa ya moto wa kweli, na mwenye akili aliweka ndoo ya maji karibu.

Halafu kuna hadithi ya kuchekesha. Kuanzia 1959, Wamarekani wengi walinunua miti ya alumini, ya rangi ya fedha, iliyotengenezwa Manitowoc, jimbo la Wisconsin. Haikufaa kuzungushiwa taa kwa sababu umeme ungeweza kumrusha mtu, kwa hivyo walimulika kwa taa ya chini yenye rangi zinazozunguka. Waliona ndiyo maisha ya kisasa yenyewe. Baada ya miaka michache, aibu, ikatupwa. Leo wakusanyaji wa vitu vya kale wanaitafuta kwa pesa nzuri.

Unaona mchezo? Kitu kinakuwa kipya, kinakuwa cha ushamba, kisha kinakuwa cha kale. Kinachobadilika ni jicho.

Kwa nini blanketi

Na ule utulivu wa blanketi na mishumaa una sababu yake, na sababu ni jua. Mwishoni mwa Desemba, jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri. Saa kumi! Huku kwetu bado watoto wanacheza mpira. Nje ni baridi, miti imepukutika, kijani kimebaki kwenye misonobari na holi peke yake. Kwa hivyo kuingiza tawi la kijani ndani na kuwasha mishumaa kulikuwa na maana ambayo mwili mzima uliielewa: uhai haujaisha, mwanga utarudi.

Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, Januari mpaka Desemba, na mwezi wa kumi na mbili sehemu nyingi za nchi ni joto. Ukinunua blanketi zito upambe kiti cha nyumba ya Mombasa mnamo Desemba, umenunua jawabu la swali ambalo hakuna mtu aliuliza nyumbani kwako. Ukiwa Kinangop, sawa, hapo tunaelewana.

Nikiziweka hadithi hizi zote pamoja, ninachoona kimedumu ni mambo matatu. Kijani kilichokuwa kinaota karibu. Mwanga. Na kitu ambacho mkono wa mtu wa nyumba hiyo umekigusa. Rangi hubadilika na mti hubadilika, lakini haya matatu hurudi tena na tena katika hadithi hizi. Na yalikuwa sebuleni kwenu.

Sebule ya kwetu

Unaikumbuka. Tawi la saipresi ndani ya mkebe wa rangi uliojazwa mawe na mchanga, mkebe umefungwa karatasi ya zawadi ili usijulikane. Pamba ya hospitali imenyambuliwa juu ya majani kuwa theluji ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Baluni, mbili zimeshapasuka. Karatasi za rangi zimesokotwa kutoka kona hadi kona ya dari. Kadi zimepangwa kwenye uzi ukutani, na kila mgeni anazisoma zote kuona nani amewakumbuka. Na vile vitambaa vyeupe vya kufuma, vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimerudi kwenye makochi.

Hakuna aliyeita hiyo mtindo. Lakini ilitimiza yote matatu.

Na ule mti wa saipresi una safari yake pia. Aina tunayoipanda sana kwenye ua na mashamba ya miti asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Uliletwa Kenya enzi za ukoloni kwa ajili ya mbao. Lile ua lenye majani mekundu linaloota kwenye bustani za Nairobi na Limuru, poinsetia, nalo ni la Mexico. Wamexico huliita ua la mkesha wa Krismasi, na jina tunalolitumia ni la Joel Poinsett, balozi wa Marekani aliyelipeleka kwao miaka ya 1820. Leo vipandikizi vingi vya poinsetia zinazouzwa Ulaya wakati wa Krismasi hukuzwa kwenye mashamba ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Yaani lile ua la kwenye video ya Ulaya huenda lilianza maisha huku, likapanda ndege likiwa kijiti, halafu wewe unaambiwa sebule yako haina mapambo ya Krismasi.

Kuna watu watasema basi tuache yote, mti wenyewe ni wa wazungu. Sikubaliani. Waingereza waliiga kwa Wajerumani, Wamarekani wakaiga kwa Waingereza, na kila mmoja alipofika kwake alitumia alichokuwa nacho. Chai si yetu kwa asili, chapati pia, na jaribu kumwambia Mkenya Krismasi ipite bila chapati. Kuiga si dhambi. Shida inaanza pale unapoiga bei na kuacha maana.

Shosho na vitambaa

Mwaka jana kwenye kikundi cha familia, binamu yangu mmoja alipendekeza tuchange pesa tubadilishe sebule ya shosho kabla watu hawajafika. Mti wa plastiki, mapazia mapya, na vitambaa vitolewe kwa sababu "vinaharibu picha." Shosho hayuko kwenye kikundi, lakini maneno yana miguu. Alimpigia mama simu akauliza swali moja: "Kwani mnakuja kuniona mimi ama mnakuja kuona nyumba?"

Mama akatusomea swali hilo vile lilivyo. Kikundi kikanyamaza siku mbili.

Nilichokuja kuelezwa na mama baadaye ni kwamba kila kitambaa kina mwaka wake. Kile kikubwa cha meza ya katikati shosho alikifuma hospitalini, wiki zile guka alipokuwa amelazwa, kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure. Hakutoka naye. Alitoka na kitambaa. Hicho ndicho kilikuwa kinaharibu picha.

Pesa zilizochangwa zilinunua magodoro mawili, kwa sababu watoto wameongezeka na sakafu ya Kinangop usiku haina utani. Nikiambiwa nieleze kupamba nyumba kwa Krismasi, nitaanza na hayo magodoro.

Siandiki haya kuwacheka wanaonunua mti wa plastiki. Mti wa plastiki ukitumika miaka 15, ukafunguliwa kila Desemba na watoto wale wale, unakuwa wa kwenu. Ninaowaza ni vijana wa rika langu wanaochukua mkopo wa simu tarehe 10 Desemba ili sebule ya bedsita ifanane na picha iliyohaririwa Marekani mwaka wa 1850. Mkopo unaisha Machi. Na Januari yenyewe tayari tumeipa jina la njaa.

Kwa hivyo mwaka huu, kabla hujanunua, fanya hivi. Ukihitaji kijani, pogoa ua wa saipresi. Tawi linatosha, usiangushe mti mzima, maana nchi hii iliwahi kufika mahali serikali ikasimamisha ukataji wa miti misituni, Februari 2018. Ukiwa Pwani, mvinje uko hapo nje. Ukihitaji mwanga, uzi mmoja wa taa unatosha. Wape watoto karatasi na mkasi. Tuma kadi mbili za kweli, kwa posta, kwa watu ambao hawatazitarajia.

Na ukitaka mapambo ya kale kabisa, usiishie 1848. Mwaka wa 1223, katika kijiji cha Greccio, Italia, Francis wa Assisi alitayarisha Krismasi kwa hori lenye nyasi kavu, ng'ombe na punda. Basi. Hakukuwa na riboni. Wengi wetu tunaoenda ushago tutapita karibu na hori, nyasi, ng'ombe na punda tukikimbilia ndani kupiga picha.

Ukifika, kabla hujasogeza chochote, muulize mama au shosho hiki ni nani alikitengeneza, na mwaka gani. Andika jibu. Picha za Windsor zimehifadhiwa vizuri, hazihitaji msaada wetu. Hizi za kwetu ziko kwenye vichwa vya watu wenye miaka 80.